Skrini ya LED ya nje: jinsi ya kuichagua na kuifunga isikuzimikie

Anayenunua skrini ya nje hutazama uso wake: rangi zinavyowaka, picha ilivyo kali, mwanga unavyoshindana na jua. Lakini skrini huanza kuharibika mgongoni. Maji hupenya kwenye kiungio cha makabati (masanduku yanayounganishwa kuwa skrini), joto hukosa pa kutokea, waya mwembamba hula volti, bolti hushika kutu, na siku moja nusu ya picha inazimika ilhali taa zenyewe ni nzima kabisa. Kwa hiyo mambo ya uso nitayapitia haraka kidogo, na nitakaa zaidi kwenye chuma, umeme na maji.

Ili hesabu zisielee hewani, tuchukue mfano mmoja tuende nao hadi mwisho: skrini yenye upana wa mita 5.76 na kimo cha mita 3.84. Imejengwa kwa makabati 24 ya milimita 960 kwa 960, sita kwa upana na manne kwa kimo, na eneo lake ni kama mita za mraba 22. Kabati la 960 limezoeleka sana kwa kazi za kudumu za nje kwa sababu moduli 18 (vibao vidogo vyenye taa) za milimita 320 kwa 160 hulijaza sawasawa bila pengo. Ukiambiwa "skrini ya mita 6 kwa 4", ujue namba imezungushwa. Uliza makabati ni mangapi na ya kipimo gani kabla hujamwambia fundi akate chuma hata kimoja.

Anza na mahali, si na katalogi

Nenda eneo la kufungia mara tatu kwa siku moja: asubuhi, jua linapokaribia kuzama, na usiku. Simama pale mtazamaji wa karibu kabisa atakaposimama, pima umbali, kisha nenda hadi pale wa mbali anapoanza kuiona skrini. Namba hizo mbili zitakuamulia mambo mengi kuliko maelezo ya muuzaji yeyote.

Tazama jua linakotokea na linakozama. Skrini iliyoelekea mashariki au magharibi hupigwa na jua usoni kwa saa kadhaa, na rangi zake hupauka. Ile ambayo jua huzama nyuma yake nayo ina shida yake, kwa kuwa mtazamaji anakunja macho kwa mwanga wa jua, si kwa picha. Katika hali zote mbili unahitaji skrini yenye mwanga mkali zaidi, au ugeuze mwelekeo ikiwa nafasi inaruhusu. Ikiwa skrini itakaa juu na watazamaji watakuwa chini, fremu iinamishwe mbele nyuzi chache.

Angalia pia umeme utatoka wapi na ni mita ngapi hadi hapo, fundi atapita wapi kufika nyuma, na maji ya mvua ya jengo yanamwagikia upande gani. Kibali cha mamlaka ya eneo kitafute mapema, hasa kando ya barabara. Mara nyingi masharti ya kibali ndiyo yanayoweka kikomo cha ukubwa, mwanga wa usiku na picha zinazocheza, na ni uchungu kuyasoma baada ya kulipia mzigo.

Usinunue ukali ambao hakuna atakayeuona

Herufi P na namba inayoifuata ni umbali kwa milimita kutoka katikati ya pikseli moja hadi katikati ya ile ya jirani. P10 ina pikseli 10,000 kwa mita ya mraba, P8 ina 15,625, P5 ina 40,000. Namba ikipungua nusu, pikseli zinakuwa mara nne, na pamoja nazo hupanda bei na idadi ya vitu vinavyoweza kufa.

Kanuni ya mafundi ni rahisi: milimita za P zigeuze mita, huo ndio umbali wa karibu ambapo picha huanza kuungana machoni. Zidisha kwa mbili au tatu upate umbali wa kustarehe. P8 huvumilika kuanzia mita 8 na hupendeza kuanzia mita 16 hadi 24. Kwa barabara ambako mtazamaji wa karibu yuko mita 30, sioni sababu ya P4. Taa zake ni ndogo, kufikia mwanga uleule wa jua kali ni kazi zaidi, na nafasi kati ya taa ya kumimina gundi ya kuzuia maji ni finyu. Pesa itakayobaki itafanya kazi kubwa zaidi kwenye pawa saplai (kifaa kinachoshusha umeme wa laini kuwa volti ndogo za taa) na chuma.

Kuna ujanja wa kuuza "pikseli za kuonekana" badala ya zilizopo. Dawa yake ni kuhesabu. Moduli ya P8 yenye milimita 320 kwa 160 lazima iwe na pikseli 40 kwa 20, na ya P10 iwe na 32 kwa 16. Hesabu kwa kidole safu moja ya mlalo na moja ya wima. Haichukui hata dakika moja.

Mwanga wa mchana na mwanga wa usiku

Mwanga hupimwa kwa niti. Skrini ya ndani hutosheka na niti 1,000 hivi. Ya nje ianzie 5,000, na ile inayopigwa na jua usoni iwe 6,500 au zaidi. Mimi hupenda skrini ambayo mchana inatosha ikiwa imewekwa asilimia 70 ya uwezo wake. Taa za LED kwa kawaida hazifi ghafla, hufifia mwaka hadi mwaka, na akiba hiyo ya asilimia 30 ndiyo utakayoitumia baadaye. Zile saa 100,000 zinazoandikwa kwenye matangazo huhesabiwa kwa taa, tena hadi ifikie nusu ya mwanga wake. Feni na pawa saplai hazikuhesabiwa humo, na ndizo hutangulia kuondoka.

Usiku mambo hugeuka. Skrini iliyoachwa na mwanga wa mchana humtia dereva upofu wa sekunde kadhaa na huwaka ndani ya vyumba vya watu. Nunua skrini yenye sensa ya mwanga, na usiku ishuke hadi niti mia chache tu. Hapo ndipo ubora wa chipu zinazoendesha taa hujulikana: za bei rahisi zikishushwa mwanga, rangi za kijivu hukatika mistarimistari na nyuso za watu huwa na mabaka. Kabla ya kununua, omba uonyeshwe skrini ikiwa kwenye asilimia 5 ya mwanga, si ikiwa imewaka yote. Ukiwa hapo, ielekezee kamera ya simu. Yenye hezi 1,920 (mara ambazo picha huchorwa upya kwa sekunde) mara nyingi huonyesha mistari myeusi inayopita, yenye 3,840 hutulia. Kama watu watapigia picha mbele yake au televisheni itarusha matukio ya hapo, lipia hizo 3,840.

Taa zenyewe siku hizi nyingi ni za SMD, yaani nyekundu, kijani na buluu ndani ya kipande kimoja, na picha huonekana vizuri hata ukiwa pembeni. Zile za zamani za DIP, zenye vichwa vitatu tofauti vilivyochomoza, bado zina heshima yake mahali penye jua kali na mvua nyingi, ila ukikaa pembeni rangi hugeuka.

Fungua kabati, tazama ndani

Hapa ndipo skrini mbili zenye P moja na bei mbili tofauti huachana.

Anza na pawa saplai. Ya kawaida hutoa volti 5 na ampea 40, yaani wati 200. Isibebeshwe zaidi ya asilimia 80, kwa hiyo hesabia ampea 32. Moduli moja ikivuta ampea 7 inapowaka nyeupe yote, pawa saplai moja inabeba moduli nne, na kabati la moduli 18 linahitaji pawa saplai tano. Ukifungua ukakuta nne, muuzaji amebana matumizi kwa hesabu yako: baadhi zitabeba moduli tano, ampea 35, ndani ya sanduku la chuma lililoanikwa juani. Zitafanya kazi, lakini si kwa miaka unayotarajia.

Halafu taa na chipu. Waya mwembamba sana ulio ndani ya taa waweza kuwa wa dhahabu au wa aloi ya shaba. Ule wa dhahabu hustahimili unyevu na kupanda na kushuka kwa joto, na kwa skrini ya nje ya kudumu ndio wa kudai. Huwezi kuuona kwa macho, kwa hiyo aina ya taa iandikwe kwenye mkataba: jina la mtengenezaji, mathalani Nationstar au Kinglight, na namba ya modeli. Fanya vivyo hivyo kwa chipu, pawa saplai na kadi za kupokea picha. Neno "ubora wa juu" kwenye mkataba halina maana yoyote siku ya kudaiana.

Kinga ya vumbi na maji huandikwa kwa herufi IP na tarakimu mbili. Ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IP65 maana yake vumbi haliingii kabisa na maji yanayorushwa kwa mpira kutoka upande wowote hayadhuru. Skrini nyingi huuzwa zikiwa IP65 mbele na IP54 nyuma. Hiyo inatosha ikiwa mgongo wa skrini umefunikwa na ukuta au banda. Kama mgongo uko wazi kwa mvua, dai IP65 pande zote mbili. Na ukumbuke, tarakimu hizo ni za kabati lililofungwa sawasawa. Tundu moja la kebo lililoachwa bila kizibo, au raba ya mlango iliyokunjika, hubatilisha cheti chote.

Karibu na bahari ongeza mambo mawili: bodi za moduli na kadi ziwe zimepakwa utando wa kuzuia unyevu, na bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu. Chumvi haina haraka, ila haichoki.

Jambo la mwisho la ununuzi husahaulika kuliko yote. Taa hutofautiana kidogo kutoka mkupuo mmoja wa kiwandani hadi mwingine. Agiza moduli za akiba pamoja na mzigo wenyewe, kutoka mkupuo uleule, kama asilimia 3 hadi 5 ya jumla. Kwa mfano wetu wenye moduli 432, hizo ni moduli 13 hadi 22. Weka pia pawa saplai za akiba na angalau kadi mbili za kupokea. Moduli utakayoinunua miaka miwili baadaye, hata ikiwa na jina lilelile, itaonekana kama kiraka.

Ijaribu ingali kiwandani

Skrini yote iunganishwe sakafuni na iwashwe saa 72 mfululizo, ikibadilisha nyekundu, kijani, buluu, nyeupe na video. Vifaa dhaifu hufa siku za mwanzo, na ni heri vifie kwa muuzaji. Omba video ya jaribio isiyokatwakatwa, itakayoonyesha pia mita ya umeme wakati wa nyeupe kamili. Namba hiyo ya wati ndiyo utakayoitumia kwenye hesabu inayofuata, badala ya ile ya karatasi.

Umeme

Tuseme mita ya mraba inavuta wati 800 ikiwa nyeupe kamili. Mita 22.1 zinafanya kilowati 17.7. Kwa video za kawaida wastani hushuka hadi karibu theluthi moja, kama kilowati 6, na wastani huo ndio wa kukadiria ankara. Nyaya, breka na jenereta hupangwa kwa ile 17.7, pamoja na akiba juu yake. Ukipanga kwa wastani, siku mtu atakapoweka tangazo lenye mandhari nyeupe breka itakatika.

Kabati moja linavuta wati 737 hivi. Kwa volti 230 hizo ni ampea 3.2, na safu wima ya makabati manne ni karibu ampea 13. Mgawanyo unajipanga wenyewe: laini moja kwa kila safu wima, waya wa milimita za mraba 2.5 kwa umbali mfupi, breka ya ampea 20. Laini ni sita. Umeme wa fezi tatu unabeba laini mbili kwa kila fezi, kama ampea 26, na fezi zote zinalingana. Usiunge makabati nane kwenye mnyororo mmoja eti kwa sababu plagi zinaruhusu kuendelea kuunganisha. Plagi haijui hesabu. Kebo kuu ikitoka mbali, tuseme mita 50, fundi umeme aongeze unene wake ili volti isipotelee njiani.

Pawa saplai 120 zikiwashwa kwa mpigo huvuta mkondo mkubwa kwa nukta moja na kuangusha breka nzima isiyo na kosa. Ubao wa umeme uwe na kifaa cha kuwasha laini moja baada ya nyingine kwa kupishana sekunde chache. Kadhalika kila pawa saplai huvujisha kiasi kidogo sana cha umeme kwenye waya wa ethi (unaopeleka umeme ardhini), na hilo ni la kawaida kwake, lakini mara 120 si kidogo tena. Ukiweka breka moja nyeti ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30, kwa skrini nzima itakuwa inakata kila mara bila hitilafu yoyote. Tiba si kuitoa ile kinga. Tiba ni kuigawa kwa laini, na kifaa kichaguliwe na fundi umeme aliyesajiliwa.

Ethi ni lazima, na iwe ya kweli. Kila kabati liungwe kwenye fremu kwa waya wake, fremu iungwe kwenye fimbo zilizozikwa, na ukinzani upimwe kwa kifaa. Shabaha ninayoitumia ni omu 4 au chini. Weka vizuia mawimbi ya radi kwenye ubao mkuu. Kama kompyuta inayoendesha skrini iko jengo lingine, picha isafiri kwa faiba hata kama umbali hauzidi mita 100. Kebo ya shaba hubeba picha, na siku ya radi hubeba radi hadi kwenye kompyuta yako.

Chuma na upepo

Watu huuliza skrini ina uzito gani. Ni swali zuri, ila halitoshi. Makabati 24 ya chuma ya kilo 50 kila moja ni kilo 1,200. Sasa hesabu upepo: shinikizo lake kwa mita ya mraba, kwa nyutoni, ni 0.613 mara kasi yake ya mita kwa sekunde mara kasi hiyo tena. Upepo wa mita 40 kwa sekunde, yaani kilomita 144 kwa saa, unasukuma kwa nyutoni 981, karibu kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Kwenye mita 22 ni zaidi ya tani 2, na hiyo ni kabla ya kuongeza kigezo cha umbo, ambacho kwa bapa kama hili huipandisha zaidi. Kwa maneno mengine, upepo unaweza kuilaza skrini kwa nguvu kuliko uzito wake wote unavyoikalisha. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne.

Kwa sababu hiyo nguzo, msingi na viungio vichorwe na mhandisi wa miundo anayejua kasi ya upepo ya eneo lenyewe, na asaini. Kwa skrini ya kwenye paa au ukutani, akague jengo kwanza. Zege la msingi lipewe siku zake, kwa kawaida 28, kabla ya kubebeshwa mzigo wote. Chuma kipakwe zinki kwa kuchovywa, na pale palipochomelewa baadaye papakwe upya siku ileile.

Nyuma ya skrini acha njia ya sentimita 70 hadi 80, iwe na ngazi, taa na soketi. Fundi asiyeweza kugeuka hatatengeneza, atabahatisha. Kama nafasi hiyo haipo, nunua skrini ya kufunguliwa mbele tangu mwanzo.

Siku ya kufunga

Fremu ikishasimama, iangalie kwa leza kabla ya kabati la kwanza. Uso wote uwe bapa kwa tofauti ya milimita moja au mbili. Ukiruhusu zaidi utaiona kwenye picha: moduli zikiachana, unapata mstari mweusi, zikibanana au moja ikichomoza, unapata mstari unaowaka. Hakuna programu itakayoufuta mstari uliotokana na chuma kilichopinda.

Anza safu ya chini, katikati, uende pembeni, kisha upande juu. Safu ya kwanza ikae mlalo kabisa, hata ikikuchukua nusu siku. Bolti zishikwe kwa mkono kwanza, zikazwe baada ya safu nzima kunyooka. Moduli zisigongwegongwe ili ziingie. Plastiki hutanuka juani na inahitaji upenyo wake mdogo.

Kebo zote ziingie kabatini kutoka chini, na kabla ya kuingia zipinde kama kitanzi ili tone la mvua lidondokee hapo badala ya kufuata kebo hadi ndani. Juu ya skrini weka paa dogo la bati lenye kingo, na pembeni vifuniko. Usizibe matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya kabati kwa silikoni ukidhani unasaidia. Maji yakiingia, na siku moja yataingia, yawe na pa kutokea.

Hewa nayo ipangwe. Joto hupanda, kwa hiyo hewa baridi iingilie chini kupitia kichujio na ya moto itolewe juu kwa feni zilizofunikwa dhidi ya mvua. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni mgongo wa skrini kufunikwa kwa turubai au mabati ili "upendeze", bila tundu hata moja. Baada ya hapo pawa saplai za safu ya juu huanza kufa moja moja, na mwenye skrini hulaumu kiwanda. Banda lililofungwa kabisa linahitaji feni kubwa za kutosha au kiyoyozi.

Picha ifike

Kompyuta au kichezaji hupeleka picha kwenye kadi ya kutuma, nayo huigawa kwa kebo za mtandao hadi kwenye kadi za kupokea zilizomo makabatini. Tundu moja la gigabiti hubeba takriban pikseli 650,000 kwa picha 60 kwa sekunde. Skrini yetu ikiwa P8 ina pikseli 720 kwa 480, jumla 345,600, kwa hiyo tundu moja linatosha. Ikiwa P5 inakuwa 1,152 kwa 768, jumla 884,736, na matundu mawili ni ya lazima. Hata pale tundu moja linapotosha, mimi hutumia la pili kurudisha mnyororo kutoka kabati la mwisho. Kebo ikikatika katikati, picha inapita upande wa pili na hakuna anayejua isipokuwa wewe. Kebo ya shaba isizidi mita 100 kati ya kifaa na kifaa.

Baada ya kupanga mpangilio wa makabati kwenye programu, hifadhi faili ya usanidi kwenye kompyuta, kwenye flashi, na mahali pa tatu unapopajua. Kadi ya kupokea ikibadilishwa bila faili hiyo, kabati huonyesha vurugu ya rangi, na kumtafuta aliyefunga skrini miaka mitatu baadaye ni kazi kuliko kazi yenyewe.

Kuiwasha mara ya kwanza

Usiiwashe kwa nguvu zote. Mzigo uliosafiri kwa meli au kukaa ghalani umenyonya unyevu, na unyevu ukipashwa joto ghafla hutanuka ndani ya taa na kuzikata nyaya zake. Anza na asilimia 10 hadi 20 ya mwanga kwa saa kadhaa, ongeza polepole kwa siku moja au mbili, ndipo ufike kwenye kiwango cha kazi.

Kisha weka nyeupe kamili uitazame kwa mbali. Mahali penye wekundu ndipo penye upungufu wa volti. Taa nyekundu huwaka kwa takriban volti 2, ya kijani na buluu zinataka karibu 3, kwa hiyo volti ikipungua hizo mbili ndizo hulegea kwanza na nyeupe inageuka waridi. Pima kwa multimita kwenye moduli iliyo mbali zaidi na pawa saplai yake, ikiwa inawaka. Ikishuka chini ya 4.7 mimi huanza kukagua viunganishi, unene wa nyaya, halafu pawa saplai. Usikubali fundi airekebishe rangi kwa programu, maana amefunika kidonda kwa kitambaa na kile kiunganishi kilicholegea kinaendelea kupata moto.

Piga rangi moja moja, andika taa zilizokufa na moduli zilizomo, na utie saini kupokea baada ya hizo kubadilishwa. Nyunyiza maji kwa mpira wa bustani, mbele na juu, skrini ikiwa imezimwa kwenye ubao mkuu. Kisha fungua makabati matatu au manne ya safu ya chini, upapase kwa karatasi kavu.

Matunzo

Isikae imezimwa wiki nzima. Joto lake lenyewe ndilo linaloukausha unyevu, kwa hiyo hata msimu usio na matangazo iwake saa mbili hivi kila juma, kwa mwanga mdogo. Kila mwezi sikiliza feni na usafishe vichujio. Kila miezi sita, na baada ya kila dhoruba, kaza bolti, kagua kutu, pima ethi, angalia raba za milango. Uso husafishwa kwa brashi laini na kitambaa chenye unyevunyevu, umeme ukiwa umezimwa. Mashine ya maji ya kuoshea magari isiikaribie, IP65 au la.

Moduli ikifa katikati ya skrini iliyokwisha kufanya kazi miaka kadhaa, hata ile ya akiba uliyoitunza vizuri itang'aa kuliko jirani zake, kwa kuwa haijachoka kama wao. Ng'oa moduli inayofanya kazi kutoka kona ya chini, uiweke katikati mahali pa iliyokufa, na ile mpya ipeleke konani.